Tranka, Jembe na Riwaya Moja

Sogeza kiti, punguza moto wa jiko, tuzungumze.

Januari imetukaba wote. Ukipita stendi ya mabasi alfajiri utaziona tranka mpya zimepangwa ukutani, za bluu na za kijani, kufuli zinang'aa. Jina la mtoto limeandikwa kwa rangi nyeupe na fundi asiyepima herufi: jina la kwanza kubwa kama bango, jina la babu limebanwa kwenye kona mpaka halisomeki. Pembeni kuna jembe lililofungwa gazeti, mpini umetokeza. Mtoto amevaa sare inayompwaya, kwa sababu inatakiwa imfikishe kidato cha tatu. Mzazi anahesabu nauli huku akitoa maagizo ambayo mtoto wala hayasikii.

Mama mmoja ameniletea ujumbe akiwa katika pilikapilika hizo. Binti yake anaanza kidato cha kwanza, shule ya bweni. Fomu ya kujiunga anayo mkononi, na kila kilichoandikwa amenunua: jembe, fyekeo, ndoo mbili, shuka za rangi waliyoitaka wao, rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa. "Sasa wewe," anasema, "kila wiki unatuhimiza tusome. Nitajie riwaya moja ya mambo ya shule nimtilie mwanangu kwenye tranka, awe anasoma akikumbuka nyumbani."

Mama, nimelizungusha swali lako siku tatu. Mwanzoni niliona jepesi. Nikaenda kwenye rafu yangu, nikashika kitabu cha kwanza, nikasema hiki hapana, bado mdogo. Nikashika cha pili, nacho hapana. Ilipofika jioni ya tatu nimezungukwa na vitabu sakafuni, ndipo nikagundua kwa nini. Na hicho nilichokigundua ndicho mazungumzo yangu ya leo.

Tuanze mbali kidogo. Waingereza hadithi ya shule ya bweni wanayo tangu zamani. Mwaka 1857 Thomas Hughes alitoa Tom Brown's School Days, habari za kijana anayepelekwa shule ya Rugby. Hapo ndipo njia ilipochongwa: mtoto anawasili, anaonewa na wakubwa, anapata rafiki wa kufa na kuzikana, kuna mechi, kuna mwalimu mkuu mwenye hekima. Harry Potter, aliyeanza kutoka mwaka 1997, ni mjukuu wa kitabu hicho aliyeongezewa uchawi. Hata yeye anapata orodha ya mahitaji, ila badala ya jembe na fyekeo ameandikiwa fimbo ya uchawi na chungu. Barua yake ya kujiunga inaletwa na bundi. Kwetu bundi akitua paani hakuna anayengoja barua. Tunaanza kuulizana mgonjwa ni nani.

Ukiondoa bundi, tofauti kubwa iko getini. Harry ada haimsumbui, wazazi wake walimwachia dhahabu benki. Akishapokea barua, geti limefunguka, na hadithi yenyewe inatokea ndani. Vitabu vilivyokuwa sakafuni kwangu havikuwa hivyo. Waandishi wetu wa Afrika wakiandika shule, wanasimama getini. Wanaangalia nani anaingia, nani anarudishwa, na yule aliyeingia akitoka anarudi kwao akiwa nani. Ubao na chaki vimo, lakini kalamu inarudi palepale mlangoni.

Mwangalie Njoroge wa Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Weep Not, Child ya mwaka 1964, kitabu ambacho Ngũgĩ alikiandika akiwa mwanafunzi Makerere. Riwaya inaanza na mama anayemwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule. Basi. Swali dogo la jikoni. Lakini mtoto yule hadi siku hiyo amevaa kipande cha kitambaa tu, na mama anamwonya mapema kwamba chakula cha mchana hakitakuwepo, asije akawatia aibu kwa kuacha masomo sababu ya njaa. Familia nzima inajifunga mkanda kwa ajili ya mmoja. Baadaye, vita vya Mau Mau vikipamba moto, watu wa serikali wanamfuata Njoroge mpaka shuleni na kumtoa humo. Geti lililomgharimu mama yake jasho lote lile halikuweza kumkinga.

Halafu kuna Tambu. Msikilizaji, huyu sitampita haraka.

Tambu ni msichana wa kijijini katika Nervous Conditions, riwaya ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, iliyotoka mwaka 1988. Tuko Rhodesia ya miaka ya 1960. Hela ya ada inatosha mtoto mmoja, na mtoto huyo ni kaka yake, Nhamo. Baba anaona hakuna haja. Msichana hatampikia mume vitabu. Tambu halii. Anaomba mbegu. Anachukua kipande cha shamba la marehemu bibi yake, analima mahindi mwenyewe, apate kuuza ajilipie. Mahindi yanapoanza kukomaa, yanaanza kupungua. Mwizi ni nani? Nhamo, kaka yake wa tumbo moja, anayavuna na kuwagawia rafiki zake.

Ukifika hapo utaelewa kwa nini binti huyu anaanza kusimulia kwa kutuambia kwamba kaka yake alipofariki, yeye hakuhuzunika. Mara ya kwanza nilipousoma mwanzo ule nilikifunga kitabu. Nilimwona hana haya. Kurasa thelathini baadaye niliona haya mimi, maana nyumbani kwetu pia palikuwa na dada walioacha shule ili sisi wa kiume tuendelee, na hakuna aliyewahi kuwauliza walijisikiaje.

Tambu anaingia. Kifo cha Nhamo kinamwachia nafasi kwa mjomba—niseme kwa utaratibu wao, kwa baba yake mkubwa, Babamukuru, msomi wa familia na mwalimu mkuu wa shule ya misheni. Huko anamkuta binamu yake Nyasha, aliyelelewa Uingereza, mwenye kila ambacho Tambu alikilimia mahindi: vitabu, kitanda, chakula mezani. Na Nyasha ndiye anayeugua. Anakula, kisha anakwenda kujitapisha, anakonda, anafikia kukichana kitabu cha historia kwa meno. Mwandishi hatuhubirii. Anawaweka wasichana wawili chumba kimoja, mmoja analilia kuingia, mwingine anakosa hewa humo humo ndani, anatuacha tutazame. Hadithi ya Tambu inaendelea katika vitabu vingine viwili, cha mwaka 2006 na cha mwaka 2018, lakini kama una nafasi ya kimoja, anza na hiki cha kwanza.

Sasa rudi nyumbani Dar es Salaam. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, 2002. Wengi mmekisoma kwa ajili ya mtihani, mkakariri dhamira na wahusika, mkakirudisha maktaba. Kirudieni bila mtihani. Zita na Peter wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Mama anauza chakula kando ya barabara, baba, Lomolomo, anakunywa. Watoto waliotolewa shuleni wanaokotwa na shule nyingine isiyo na geti wala mwalimu wa zamu: jaa la taka. Kitabu kilitoka mwaka mmoja tu baada ya serikali kufuta ada ya shule za msingi, na Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Mnaweza kusema basi kimepitwa na wakati. Lakini mwulizeni mama huyu aliyeniandikia, mwenye ndoo mbili na rimu mkononi, kama geti limekuwa bure.

Hao ni wa kuingia. Sasa tuseme mtoto kashaingia, tranka iko chini ya kitanda, kengele ya kulala imelia.

Rosa Mistika nilikisoma bwenini, kidato cha pili. Nakala yenyewe haikuwa na jalada, kurasa za mwanzo zimenyofoka, imevalishwa karatasi ya kaki na kuandikwa juu "Biolojia". Kilikuwa kinatembea kitanda hadi kitanda, usiku mmoja kila mtu, tochi chini ya blanketi. Tulikisoma kwa kutafuta yale mambo, tusidanganyane. Tulikuwa tumesikia kwamba kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na hakuna tangazo la biashara linaloshinda hilo.

Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, hajafikisha miaka 30. Rosa ni binti wa kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na ulinzi wake kwa mabinti ni fimbo. Rosa anapata barua kutoka kwa mvulana, Charles. Zakaria anampiga kipigo ambacho kijiji kizima kinakisikia. Tangu hapo binti anajua jambo moja kuhusu wanaume: kwamba ni marufuku. Anapelekwa shule ya wasichana Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro. Huko fimbo ya Zakaria haifiki. Wanaume wanafika, wakiwemo wenye vyeo, na Rosa hana neno hata moja la kuwajibu, kwa sababu nyumbani hakufundishwa maneno, alifundishwa kuogopa.

Mwisho sikuambii. Nitasema tu kwamba Kezilahabi hakuridhika na hukumu ya dunia. Anaipeleka kesi mbele zaidi, mbele ya Muumba, na mzazi naye anaitwa kujibu. Tulipokuwa bwenini kurasa zile tuliziruka, hazikuwa na yale mambo. Leo nazisoma zile tu.

Wakati ule kitabu kinatoka, msichana akipata mimba shuleni alitoka getini na asirudi. Tanzania ilitangaza kuwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni Novemba 2021. Hesabu mwenyewe: miaka 50 tangu Rosa. Serikali iliogopa watoto wasome kitabu kile. Kumbe waliokuwa na sababu ya kukiogopa ni akina Zakaria.

Kitabu kingine cha bwenini ni cha jirani zetu. Scholastique Mukasonga wa Rwanda, anayeandika kwa Kifaransa, alitoa Notre-Dame du Nil mwaka 2012, na mwaka huo huo kikapata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa. Ni shule ya wasichana wa wakubwa, juu milimani, karibu na chanzo cha Nile, ukungu unaingia madirishani. Miaka ya 1970. Wasichana wanapika ndizi kwa siri, wanabishana namna ipi ndiyo sahihi ya kuzipika, wanajaribu krimu za kujichubua, wanawacheka walimu wa Kizungu. Unacheka nao. Halafu unakumbushwa kwamba katika darasa lile la wasichana ishirini, Watutsi ni wawili tu, Virginia na Veronica, kwa sababu ya mgawo uliowekwa. Geti hili lina mizani ya kupimia kabila.

Na kuna Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama. Anatazama sanamu ya Bikira Maria iliyowekwa pale kwenye chemchemi, anaona pua yake ni nyembamba mno, ni pua ya Kitutsi. Ataibadilisha. Uone jinsi mambo makubwa yanavyoanza na jambo la kitoto: pua ya sanamu, nyundo, na uongo wa kuficha nguo zilizochafuka. Uongo ule unaota miguu. Mukasonga hakulisikia hili redioni. Mwenyewe alifukuzwa masomoni mwaka 1973 kwa sababu ya kabila lake, akakimbilia Burundi. Mwaka 1994 jamaa zake wengi waliuawa. Lakini anaandika kama mtu anayesuka mkeka, taratibu, ukili kwa ukili, na wewe unashtuka mkeka umekamilika na umekalishwa juu yake. Anayesoma Kifaransa akitafute. Kipo pia kwa Kiingereza.

Tumefika mlango wa kutokea. Hapa vijana wa chuo kikuu ndipo penu.

Wenzetu Ulaya riwaya zao za chuo kikuu huwa ni za wahadhiri: nani kapandishwa cheo, nani kamwonea wivu nani. Lucky Jim ya Kingsley Amis, 1954, ndiyo inayotajwa sana, na inachekesha kweli. Kwetu, riwaya ya chuo kikuu ninayoirudia haikai sana chuoni. Ni Kichwamaji, ya Kezilahabi tena, 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa ya hadithi inatokea nje ya chuo. Tunamkuta anakwenda kuomba kazi ya likizo katika ofisi ya Manase, waliyesoma pamoja, ambaye sasa ni mkubwa. Anawekwa kwenye benchi, anangojeshwa. Manase huyo ndiye atakayemharibia dada yake. Kazimoto anarudi kijijini na kichwa kilichojaa maswali. Wazee wanamwona msomi, yeye anajiona mgeni. Elimu imemfungulia geti la kutokea kwao na kulifunga nyuma yake.

Kumbukeni hali ya nyakati zile. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Kezilahabi aliingia chuoni muda mfupi baada ya hapo. Kizazi chake kilijua kwamba msomi anaweza kusukumwa nje mchana kweupe, na kwamba wakulima wanaomlipia wana haki ya kumwuliza amewaletea nini. Kama unapenda swali hilo kwa kejeli, mtafute Austin Bukenya, The People's Bachelor, 1972. Na kama unalitaka kwa huzuni, Cheikh Hamidou Kane wa Senegal alitoa L'Aventure ambiguë mwaka 1961: Samba Diallo anatolewa chuo cha Kurani, kwa mwalimu mkali aliyempenda kupita wote, anapelekwa shule ya Wafaransa, kisha Paris. Watu wa pwani, mliokwenda chuoni asubuhi na skuli mchana, hamtahitaji tafsiri ya maumivu yale.

Mimi bado naidai riwaya moja. Riwaya ya leo, ya bumu la mkopo lililochelewa, ya mitihani mitatu ya sapu, ya kijana aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo, muhula wa pili na hajawaambia wazazi, kila asubuhi anaondoka geto na begi mgongoni kana kwamba anakwenda kipindi. Wewe unayenisikiliza ukiwa hosteli, kama unaiandika, usiache.

Sasa mama, nikujibu.

Kwenye tranka mtilie Moses wa Barbara Kimenye. Vitabu vile vya Kiingereza chepesi vilianza kutoka miaka ya 1960, na shule yake ina jina refu kuliko sifa zake: Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Watoto wa Kiume wa Mabwana wa Kiafrika. Ni shule ya watundu waliokataliwa kwingine kote, chakula kibovu, vituko kila siku. Wiki ya kwanza bwenini mtoto halali; anasikiliza wenzake wakilia kwenye mito yao. Anahitaji kicheko. Kwa mtu aliyerudishwa na kila geti na bado anacheka, hapo binti yako atapata rafiki. Akifika kidato cha tatu, mpe Tambu.

Rosa Mistika usimtilie. Wala sikatazi asome, atakisoma tu, watampa wenzake usiku, kimevalishwa kaki. Nasema nakala yako ibaki nyumbani. Geti likishafungwa nyuma ya mtoto, wewe ndiye unayebaki nje, na kitabu kile, nimechelewa miaka mingi kulitambua hili, kiliandikwa kwa ajili ya aliyebaki nje. Msome wewe na baba yake, jioni, sasa nyumba ikiwa kimya.

Na akija likizo ya Juni, akikukuta nacho mkononi, usikifiche.